Ngazi ya Chiriku

Katika familia ya mke wangu, picha huja kwa damu na maneno huja kwa ndoa. Ndivyo nilivyoelezwa siku nilipokwenda kujitambulisha, nikadhani natiwa kwenye utani. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye stuli yake ya kazi, brashi ameichomeka kwenye nywele, mikono imejaa wino. Hakuniuliza kwetu wapi wala dini gani. Aliniuliza, "Unaweza kuandika sentensi fupi?"

Nikamwambia nimesoma mpaka kidato cha nne, na kwamba napanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, kwa hiyo sentensi ninazo za kila urefu.

"Sikukuuliza umesoma mpaka wapi. Fupi, unaweza?"

"Naweza."

"Basi mchukue," akasema, akimwonyesha binti yake kwa kidevu. "Yule mwenzio aliyetangulia alikuwa akiandika barua ya kurasa mbili kuuliza hali."

Picha hizo na maneno hayo ni ya kitabu, kitabu cha Punda. Alikianza babu yake mke wangu, mchora mabango ya vinyozi na mabucha, ambaye jioni alimchorea binti yake punda anayetoka mbali amebeba chungu kikubwa. Njiani chungu kinamletea kila aina ya balaa. Kinajaa mvua, kuku anapanda na kutagia humo, mlevi mmoja anajificha ndani asionwe na mkewe. Kwenye ukurasa wa mwisho Punda anafika, mlango unafunguliwa, na anayefungua ni mtoto mwenye mapengo. Mtoto yule ndiye mama mkwe wangu. Maneno aliyaandika bibi, ambaye hakuwa na mkono wa kuchora hata yai.

Binti alipokua naye akachora cha kwake. Safari hii Punda kabeba kiti cha kinyozi, kile cha kuzunguka, na watu wote njiani wanataka kukalia. Anayefungua mlango mwishoni ni mke wangu, akiwa na umri wa kuanza darasa la kwanza, amenuna kwa sababu alikatazwa kushika paka siku ile. Maneno aliandika baba mkwe, fundi cherehani, Mungu amrehemu. Hata leo nikiyasoma nayaona yamepigwa pasi. Vitabu vyote viwili viliingia mashuleni, na wazazi wengi wa sasa walijifunza kusoma kwa chungu kile na kiti kile.

Kila mmoja wao huchora Punda mara moja tu maishani. Siku nyingine zote ni kazi za vitabu vya shule: mbegu ya mahindi iliyokatwa katikati, moyo na vyumba vyake, hatua za kukua kwa chura. Mke wangu alikuwa akisema amechora matumbo ya binadamu mara nyingi kuliko uso wangu.

Mzigo wa Punda haupangwi na mchoraji. Huchaguliwa na mtoto.

Binti yetu tulimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema mapema na hakunyamaza tena. Alikuwa akisema chooni, akisema usingizini, akisema na chakula mdomoni mpaka bibi yake anamtishia kumfunga kitambaa. Siku mama yake alipomuuliza anataka Punda amletee nini, tulitegemea mpira, pengine baiskeli.

"Ngazi," akasema.

Mke wangu aliweka kikombe chini. "Ngazi? Mwanangu, unajua tabu ya kuchora ngazi? Kila ukurasa, vipandio vyote vile? Hutaki kitu cha duara?"

"Ngazi ndefu. Nipande juu ya bati, nimwone Punda anapotokea."

"Lakini ngazi anayo Punda mwenyewe. Utapandaje kumwona anakuja, na ngazi hujapata?"

Chiriku alifikiri kidogo. "Ndiyo maana inabidi aje haraka."

Bibi yake alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu wetu," akasema. "Huyu hana haja ya kupimwa damu."

Ukurasa wa mwisho ndio huchorwa kwanza. Sababu yake ni rahisi. Punda anaweza kungoja lakini mtoto anakua. Kwa hiyo kabla ya njia, kabla ya mizigo na mikasa, mtoto husimamishwa mlangoni na kuchorwa akiwa pale, mbele ya macho, si kwa kukumbukwa. Chiriku alivaa gauni lake jekundu la kutokea, akashika komeo la mlango wa chumba cha kazi, na mama yake akaketi mezani.

"Mkono umechoka."

"Simama."

"Mama, huyo punda anakuja leo au kesho?"

"Akija akukute umekaa atageuza."

"Ageuze, nitamfuata. Baba, mwambie mama nimechoka."

"Mimi mtu wa maneno tu," nikasema. "Picha siingilii."

"Basi si useme maneno!"

Tulicheka, naye akasogea, na mama yake akampigia kelele. Nakumbuka harufu ya rangi na ya vumbi la mvua iliyokuwa haijanyesha.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo lazima nilieleze, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kwenye vitabu hivi kila kitu huzungushiwa mstari wa wino mweusi: Punda, njia, mlango, komeo, hata mawe. Mtoto peke yake hazungushiwi. Yeye hupakwa rangi ya maji tu, rangi juu ya rangi, bila mstari. Babu alijifunza kwenye mabango kwamba mstari hukifunga kitu kikatulia, na alitaka yule wa mlangoni aonekane kama anataka kutoka mbio. Ukivitazama vile vitabu viwili vya kwanza utaona ni kweli. Mlango umetulia, mtoto hajatulia.

Wekundu wa gauni ulitoka kwenye kikopo kidogo ambacho mke wangu alikitunza kama dawa. Hakukuwa na mwingine mzuri kama ule, ila ulikuwa dhaifu. "Haupendi jua huu," alisema, akichanganya tone lake na kahawia ili kupata rangi ya uso na mikono. Alisema kama mtu anayesema chai ina moto. Vitabu vilivyotangulia vilimalizika ndani ya msimu mmoja wa mvua, na hakuna aliyefikiri hiki kitakuwa tofauti.

Ukurasa ulipokauka ulibanwa kwa vibanio viwili vya nguo kwenye kamba iliyo mbele ya meza, kando ya dirisha. Hapo ndipo huning'inia siku zote, mchoraji akiinua macho amwone anayengoja. Hauondolewi mpaka Punda afike.

Mvua zilipoanza Chiriku akaumwa.

Sitaandika mengi. Ilikuwa homa iliyopanda kichwani, na madaktari walifanya walichoweza. Mama yake alikaa upande wa kichwa, mimi miguuni. Siku moja aliamka akiwa na akili zake, akauliza, "Punda kafika wapi?"

"Amekwama kwenye kona," mama yake akamwambia. "Ngazi ndefu, haipiti."

"Aisimamishe."

"Nini?"

"Ngazi. Aisimamishe wima, itapita."

"Nitamwambia."

Hayo hayakuwa maneno yake ya mwisho. Mwishoni alitaka maji, kisha hakutaka. Lakini hayo ndiyo niliyoondoka nayo.

Baada ya mazishi watu hawakujua tena watuite nani. Jirani yetu wa ukuta, aliyezoea kunipigia kelele kila asubuhi "Baba Chiriku, redio yako!", akaanza kuniita "bwana". Muuza duka akawa anasema "karibu" tu, bila jina. Mke wangu aliendelea kuniita Baba Chiriku, nami nikamwita Mama Chiriku, tukabaki hivyo, kama watu wanaotunza ufunguo wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Kisha siku moja nilirudi kutoka kiwandani nikamkuta mezani. Alikuwa ameloweka brashi, ametandaza karatasi, anachora kwato. Mama mkwe alikuwa kwenye stuli yake pembeni. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini aliinua kidole kuniashiria ninyamaze, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu kabla ya msiba. Nilitoka tena nje, nikazunguka nyumba, nikakaa kwenye ngazi za jikoni nikalia kwa furaha. Nilitaka kitabu kile kimalizike kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilijua kwamba mwishoni mwake Chiriku amesimama na gauni lake, na kwamba kitabu kikichapwa atasimama hivyo mikononi mwa watoto wa watu, miaka na miaka.

Kurasa za kwanza zilikuwa nzuri. Punda anageuka kuangalia nyuma, na ngazi inawaangusha kofia wazee waliokaa barazani, zote mstari mmoja. Ngazi inaingia dirishani kwa kinyozi na kutoka na kioo. Kuku anapanda kipandio kimoja kimoja kama anakwenda ofisini. Niliandika maneno yake na mara moja nilijikuta nimetabasamu peke yangu.

Kitabu cha Punda kina idadi ya kurasa inayojulikana, ndivyo mashine inavyokunja karatasi. Zikafika. Mke wangu akatandaza karatasi nyingine.

Nikasema, "Mama Chiriku, kitabu kimejaa."

"Bado hajafika."

"Si umfikishe?"

Alisuuza brashi kwenye maji, akaikunguta, akaichonga kwa midomo. "Ngazi haipiti kona," akasema.

Sikumkumbusha. Alikuwa akijua aliyosema mtoto kuliko mimi.

Akaendelea. Kila ukurasa njia ilifika mwisho wa karatasi na kukunja, na karatasi iliyofuata ikaanzia pale. Taratibu watu wakaanza kupungua njiani. Wazee wa baraza hawakuonekana tena, wala kinyozi, wala kuku. Zikaja kurasa zenye Punda, ngazi na njia, basi. Kila kipandio alikichora kwa uangalifu uleule, hata nyuzi za mbao. Mimi sikuwa na la kuandika. Niliandika "Punda akaenda," na ukurasa uliofuata, "Punda akaenda tena." Kila alipomaliza mmoja aliinua macho kwenye kamba, akatazama, akainama.

Mhariri wetu akaja. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, wa shirika lililochapa vitabu viwili vya kwanza, na miaka yote alikuwa akija na pipi mfukoni kwa ajili ya Chiriku. Alipoingia alitia mkono mfukoni kwa mazoea. Akautoa mtupu, akatusalimia mmoja mmoja.

Alizipitia karatasi zote kwa subira. Mwanzoni alicheka, kisha akaacha. Halafu akasimama mbele ya kamba, akavaa miwani.

"Mama Chiriku," akasema, "rangi hii ilikuwa hivi tangu mwanzo?"

Nikainuka kutazama. Nilikuwa nikiuona ukurasa ule kila siku, na kwa kuuona kila siku nilikuwa siuoni. Gauni lilikuwa limekuwa rangi ya maji yaliyosuuziwa brashi. Uso, ambao kahawia yake ilipata uhai kwa tone la wekundu, ulikuwa umebaki kama majivu. Vidole vilivyoshika komeo vilikuwa vimeanza kuingiliana na mlango. Mlango ulikuwa vilevile, mweusi, imara, na kila msumari wake.

"Anapotea," mhariri akasema taratibu. "Jua la dirisha hili. Nipe niuchukue leo, wapigapicha wa kiwanda wauwahi. Hata kama kitabu hakijaisha, tuwe nao."

"Hautoki mpaka afike," mke wangu akasema.

"Basi mfikishe wiki hii. Mwanangu, nakuomba."

"Ngazi haipiti kona."

Mhariri alinitazama mimi. Nami nilimtazama mama mkwe, maana yeye ndiye mlinzi wa taratibu zote za nyumba ile. Ndiye aliyewahi kunifokea kwa kusogeza stuli ya marehemu baba yake. Kidole chake kilikuwa kikipapasa ukingo wa karatasi iliyokuwa mapajani.

"Mtie rangi upya," akasema.

Mke wangu aligeuka.

"Nimesema mtie rangi. Najua hachorwi bila kusimama mbele yako. Kanuni ni ya baba yangu, na nitakayekwenda kumjibu ni mimi. Nakuruhusu. Chukua brashi umtie rangi."

"Nikimtazama nani, mama?"

Nje mtu alikuwa akipiga mbiu ya kunoa visu. Mhariri akachukua mkoba wake, akaenda mlangoni, akarudi, akatoa pipi alizoziacha mfukoni, akaziweka kwenye rafu kama mtu anayeweka kitu asichojua pa kukipeleka. Zilikaa pale mpaka sisimizi wakazipata.

Siku iliyofuata nilitundika shuka dirishani. Mke wangu aliingia, akalishusha, akalikunja vizuri na kunirudishia.

"Siwezi kuchora gizani, Baba Chiriku."

"Chora basi kwenye chumba kingine. Tuhamishe meza."

"Kamba iko hapa."

Ningeweza kugombana naye. Wanaume wengine wangegombana. Lakini alisema kwa upole kiasi kwamba nilijiona kama ninayemfokea mgonjwa. Nilibaki na hila. Mchana mmoja alipokwenda kuoga niliingia chumbani, nikasimama kwenye kiti, nikashika kibanio cha kwanza. Nilikuwa nimeshatayarisha gazeti la kuufungia ukurasa, kiwanda si mbali, na fundi wa picha ni rafiki yangu. Kwa karibu vile nilimwona Chiriku kidogo. Macho bado yalikuwapo, na lile tabasamu la kutaka kuuliza. Nikafungua kibanio.

"Baba Chiriku."

Alikuwa amesimama mlangoni na khanga yenye maji, mkono kwenye komeo.

"Picha huingilii," akasema.

Nikakirudisha kibanio. Mpaka sasa sijui kama nilifanya vizuri. Ninachojua ni kwamba mikono yangu haikuweza kufanya kitu kingine akiwa amesimama pale vile.

Kiangazi kikaingia. Jua lilikuja asubuhi na kukaa kwenye ukurasa ule mpaka karibu na mchana, na mke wangu akachora njia. Niliacha kuhesabu karatasi. Shirika likaacha kuuliza. Mama mkwe ukungu ulimfunga kabisa jicho moja na la pili likawa linaona mwanga tu, naye akawa anauliza, "Amefika wapi leo?" na binti yake anajibu, "Yuko njiani," kama wanavyojibizana watu juu ya mgeni anayechelewa.

Niliona mpangilio wa kuondoka kwake, na nauandika hapa kwa sababu sitaki kuusahau. Zilianza nyayo. Halafu gauni, kuanzia pindo kwenda juu. Halafu mikono, hata komeo likabaki limeshikwa na hewa. Uso ulikaa muda mrefu, ukawa doa, na doa likawa jambo ambalo lazima uambiwe ili ulione. Nywele ndizo zilizochelewa, kwa sababu zilichanganywa na weusi kidogo. Nazo zikaenda. Pakabaki mlango uliofunguka, na katikati yake weupe wa karatasi.

Asubuhi moja sikwenda kazini mapema, nikamwona amekaa akiutazama. Hakuwa na brashi mkononi. Alitazama kwa muda, kichwa kaegemeza upande, jinsi anavyotazama kazi kuona kama imekauka. Kisha akachukua karatasi mpya.

Alichora kona. Alimchora Punda kwenye kona ile, ngazi imesimama wima mgongoni mwake kama mlingoti, ndefu kiasi kwamba ncha inatoka nje ya karatasi. Na ikapita. Kwenye karatasi ya pili Punda amesimama mbele ya nyumba yenye bati, ametua mzigo, ngazi imeegeshwa ukutani mpaka juu. Alifanya zote mbili kabla ya jua kuhama dirishani. Akaosha mikono, akaenda kwenye kamba, akafungua vibanio, akaushusha ukurasa wa mwisho na kuuweka chini ya zile nyingine.

"Amefika," akasema.

"Lakini Mama Chiriku," nikasema, "amefika wakati hakuna..." Nikashindwa kumaliza.

"Ningemfikishaje na yeye amesimama pale na gauni lake? Akute nini, Baba Chiriku? Ingekuwa uongo. Na mimi kumfuta kwa mkono wangu sikuweza. Nikamwachia jua."

Alisema hivyo akikunja kitambaa cha kufutia brashi. Nikaelewa kwamba tangu siku ya kwanza aliporudi mezani, siku niliyokaa jikoni nikalia kwa furaha, alikuwa akilingoja hilo. Na mimi nilikuwa nikingoja kinyume chake.

Niliupeleka mimi mwenyewe mzigo kwa mhariri, baada ya kuchagua karatasi zinazotosha. Baada ya siku chache alizileta kwa miguu yake, hakutaka kumtuma mtu.

"Ni kazi nzuri kuliko zote za nyumba hii," akasema. "Na shirikani hawaitaki. Wamesema watoto watauliza nani amefungua mlango."

"Waulize," mke wangu akasema.

"Mzazi gani atakaa na mtoto wake kitandani amjibu swali hilo?" Akapangusa paji. "Wamesema, kama ungeweka mtoto mwingine pale. Yeyote. Si lazima afanane."

Mke wangu hakukasirika. Alinyoosha mikono akapokea karatasi, akazigonga mezani zilingane, akamkaribisha mhariri chai. Walizungumza habari za kitabu cha sayansi kilichohitaji mchoro wa figo. Anauchora sasa. Kazi za shule hazijakoma, na anazifanya kwa wakati. Kikopo cha wekundu kimekaukia kwenye rafu. Hatukujaliwa mtoto mwingine, wala hatusemi habari hiyo. Stuli ya babu, akiondoka mama mkwe na kisha mke wangu, haina wa kuikalia.

Ukurasa ule wa mwisho haukuwa na maneno. Maneno huja baada ya picha, na picha ilipokuwa na mtoto niliwahi kuyafikiria, mazuri tu, yenye mzaha wa ngazi. Hayakufaa tena. Nikauacha mtupu mpaka alasiri moja mama mkwe aliponiita.

"Mkwe wangu, nisomee kitabu. Mimi nimevisoma vyote ila hiki."

Nikaketi karibu yake, nikaziweka karatasi mapajani mwake moja baada ya nyingine ili aziguse. Nilimsomea na kumweleza. Kwenye kofia za wazee alicheka kile kicheko chake cha zamani. Kwenye kioo cha kinyozi akasema, "Hapo kiti changu kingefaa." Tulipofika kwenye njia tupu, kila niliposoma "Punda akaenda tena" aliitikia kwa kichwa. Ilichukua muda. Mke wangu alikuwa kwenye beseni nyuma yetu, anaosha brashi, mgongo ametupa.

Kwenye kona nikamwambia, "Ngazi ameisimamisha wima."

"Akili," mama mkwe akasema. "Ya nani hiyo?"

"Ya Chiriku, mama."

Nikasoma, "Akafika. Akaegesha ngazi ukutani." Kisha nikauweka ukurasa wa mwisho mapajani mwake.

"Na mlango?"

"Umefunguka."

"Nani kafungua?"

Aliyeuliza ndiye aliyefungua mlango wa kitabu cha kwanza, mwenye mapengo yake. Nilitazama karatasi. Miaka yote nimekuwa mtu wa maneno wa nyumba ile, tena mafupi, na sikuwa nalo hata moja. Maji yaliacha kuchuruzika kwenye beseni.

"Hakuna, mama," mke wangu akasema bila kugeuka. "Ulikuwa wazi."

Kidole cha mama mkwe kilipapasa karatasi polepole. Kikafuata mstari wa fremu, kikapita juu ya komeo, ambapo wino umekaa mzito na unaweza kuusikia, kikaingia kwenye weupe, kikazunguka humo kikitafuta.

"Na Punda je?"

"Anangoja."

"Anajua?"

Maji yakaanza tena.

Nilichukua kalamu nikaandika chini ya picha: Mlango ulikuwa wazi. Punda akangoja. Ndiyo maneno pekee katika vitabu vile vitatu ambayo hayakuja kwa ndoa. Nikazifunga karatasi kwa gazeti, lilelile nililokuwa nimeliandaa, na kuziweka juu ya kabati. Vibanio viwili vimebaki kwenye kamba. Asubuhi, akienda kukaa mezani, mke wangu huinamisha kichwa kupita chini yake, kama karatasi bado iko.